Mguu Usiosikia Moto

Ukata, Mbinga
Jumatatu, 10 Juni 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Sisi huku tu wazima. Mama yako mkubwa Beata anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo. Kahawa imeanza kuiva shamba la chini. Baba yako mdogo Hamphrey amepata mjukuu wa kike, wamempa jina la marehemu bibi yako, Margareta. Dada yako Lidia bado yuko Mbamba Bay na biashara yake ya usipa, dagaa wa ziwani, anakusalimu.

Uliniuliza kwa nini nang'ang'ania barua wakati simu ipo. Nitakueleza. Simu ya nyumba hii ikilia, huwekwa spika katikati ya ua, na kila apitaye anasikiliza na kuchangia. Ulipopiga siku ya Pentekoste ulisalimiana mpaka na fundi aliyekuja kuezeka choo. Barua inasomwa na mtu mmoja.

Nimesoma kwa makini habari za kazi yako huko kwa Wainuiti, kwamba mnapita nyumba hadi nyumba mkipima sukari na presha, mkiuliza watu wanakula nini na wanavuta sigara kiasi gani. Nilipokuwa nafundisha, kitabu chetu kiliwaita Waeskimo. Wanafunzi walimchora mtu aliyevaa manyoya mbele ya nyumba ya barafu, nami nikawapa alama zao, basi. Sasa nieleze wewe uliyefika. Watu walioishi kwa kuwinda sili na kuvua samaki, bila mahindi wala miwa, sukari iliwafikaje? Nieleze kwa mpangilio, kama nilivyokufundisha.

Umeuliza pia kama mimi nimepima. Mwanangu, nina miaka sabini na moja na bado napanda kwa mguu hadi shamba la juu. Tuliache hilo.

Afadhali nikuchekeshe. Jana tulikuwa sengu, ukoo mzima uani, tunaota moto tukisubiri akina mama walete chakula. Baridi ilikuwa kali, nikasogeza miguu. Mara nasikia harufu ya plastiki. Nikamwita Asteria, mke wa Hamphrey: "Shemeji, unaunguza ndoo huko jikoni!" Akajibu hakuna ndoo motoni. Hamphrey akainama, akatazama chini ya kigoda changu. "Kaka," akasema, "mbona unajipika?" Kumbe kiatu changu cha yeboyebo cha kulia kimeyeyuka na kugandana na vidole! Tulicheka mpaka Beata akatoka na mwiko mkononi. Mimi sikusikia chochote. Ngozi ya mwalimu wa zamani imekuwa kwato. Beata amenipaka asali.

Usikae kimya muda mrefu.

Baba yako Mkubwa,
Mansuetus


Nunavut, Kanada
19 Julai 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako ilipitia chuoni kwangu, kusini, ikakaa huko kabla ya kupakiwa kwenye ndege. Hakuna barabara inayofika kijiji hiki. Nimeipokea jana. Mimi ni mzima, ila silali vizuri kwa sababu jua la majira haya halizami. Nimetundika blanketi dirishani na bado mwanga unapenya. Mpe Baba Mdogo hongera za mjukuu. Mwambie Mama Mkubwa kikohozi akakipime.

Umetaka maelezo kwa mpangilio. Mzee ninayefikia kwake ni mwanamke, Bibi Mialia. Alizaliwa kwenye hema. Wazazi wake walihama wakifuata wanyama. Kisha serikali ikawakusanya vijijini, watoto wakapelekwa shule za bweni, na kuwinda kukawa kazi ya mwenye mafuta na mtambo wa kukimbia juu ya theluji. Dukani vitu vinakuja kwa ndege. Kabichi inafika imenyauka na bei yake inatisha. Soda na biskuti zinafika nzima. Nyumba ni chache, watu wamebanana, na watu wazima wengi wanavuta sigara. Kwa hiyo mtu akiniambia hawa wanaugua kwa sababu ya tabia zao, namuuliza ni tabia ya nani. Bibi Mialia anasema kwa kifupi: "Sukari ilishuka kwenye ndege, na sisi tulikwenda kuipokea."

Ana kisukari. Akila sili au samaki pamoja na jirani zake, sakafuni, kipimo kinatulia. Akiwa peke yake anakunywa chai yenye vijiko vya sukari hata sivihesabu.

Nilimsimulia habari za sengu yetu, jinsi kila Jumapili ukoo unavyokaa pamoja, kila mke analeta chakula alichopika, na mkubwa wa ukoo anaonja cha kila mmoja kabla ya wengine. Alifurahi sana. Akauliza, "Na mkubwa wenu ni nani?" Nikasema ni wewe.

Sasa Baba, nakuomba uache kucheka, nami sitacheka. Moto umekuunguza mguu na hukusikia. Hiyo si kwato. Wewe ndiye uliyetufundisha darasani kwamba maumivu ni taarifa, na mishipa ya fahamu ndiyo inayoibeba. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa hiyo inakufa kuanzia miguuni. Kidonda kinakua na mwenyewe anatembea tu. Kila siku naona miguu ya namna hiyo.

Jumapili iliyopita, kabla sijapata barua hii, nilipiga simu. Mama Mkubwa akasema unachechemea. Nikakuuliza, "Mguu vipi?" Ukajibu, "Mguu upo, unakusalimu," na ua mzima ukacheka. Leo ndiyo naelewa kicheko kile.

Nenda hospitali. Usisubiri kahawa iishe. Na unijibu swali moja bila kulizunguka: umeshawahi kupima?

Mwanao,
Gaudiosa


Mbamba Bay
14 Agosti 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Utaona nimeandika nikiwa ziwani. Nimeteremka kwa Lidia kubadili hewa. Hajambo, biashara inakwenda, ila upepo wa wiki iliyopita uliwazuia wavuvi na usipa ukaadimika. Hapa ni joto, na mchana nakaa kibarazani nikitazama watu wanavyopakia boti. Beata amebaki kuangalia kahawa inavyoanikwa.

Nimefikiri sana juu ya Bibi Mialia. Maelezo yako ni mazuri, ila ungeanza na historia ndipo uje kwa chakula. Nakuongezea jambo. Sisi nasi hatukuhama kwenda popote, lakini chakula kimehama mbele ya macho yetu. Babu yako alikula ulezi, maharage, majani ya kunde, na samaki mkavu aliyepandishwa kutoka ziwani kwa miguu. Leo tunakoboa mahindi mpaka yawe meupe kama chaki, tunashushia na chai tamu, na Jumapili soda. Kijana ana bodaboda, hapandi tena mlima. Kwa hiyo usiwatazame hao watu kama wageni.

Swali lako. Nimepima. Kwaresima ya mwaka jana, kwenye hospitali ya misheni, nilipokwenda kwa ajili ya macho. Nilipewa vidonge. Mara navimeza, mara navisahau makusudi.

Usirushe mikono kwanza. Unajua mimi na Hamphrey tuligombania mpaka wa shamba la chini. Wazee wa jumuiya walitupatanisha, na tukaahidi mbele yao kwamba kila mmoja atakula chakula cha nyumba ya mwenzake, ili pasiwe na mtu wa kusema tunaogopana. Tangu siku hiyo nala ugali wa Asteria mpaka mwisho. Jumapili moja nilijaribu kumega kidogo. Asteria alitazama mkono wangu, si uso, kisha akaingia ndani na hakutoka. Mkubwa wa ukoo akiacha chakula cha mke wa mdogo wake, unafikiri watu watasema ana sukari? Watasema ameogopa sumu. Nyumba zitaanza upya kugawanyika, na safari hii mimi ndiye nitakuwa chanzo.

Ndiyo sababu niko huku. Kwa Lidia nakula samaki mbasa na mboga, na hakuna anayehesabu matonge yangu. Habari ya sukari haijui, anadhani nimechoka na wajukuu. Kidonda anakiosha kwa maji ya chumvi. Kinatoa harufu kidogo asubuhi, mchana kinakauka. Natembea mchangani, kwenye unyevu, inanipa nafuu.

Hili ni la kwako peke yako. Usimwambie Beata, na kuliko wote usimwambie Hamphrey. Ninakuamini.

Baba yako Mkubwa,
Mansuetus


Nunavut
10 Septemba 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako ya Mbamba Bay imenifikia leo. Salamu zote nimezipata na sina nafasi ya kuzijibu moja moja, unisamehe.

Kidonda kinachotoa harufu hakikauki. Kinaoza kwa ndani. Na mchanga wenye unyevu, Baba! Wewe ndiye uliyetukataza kwenda pekupeku kisimani.

Bibi Mialia alipelekwa kusini kwa ndege mwezi uliopita, safari ya saa nyingi, peke yake, kwenye hospitali ambako hakuna aliyejua lugha yake. Amerudi juzi. Mguu wa kushoto haupo. Ilianza na kiatu kilichombana. Alikificha kidonda kwa sababu mjukuu wake alikuwa anaolewa, na hakutaka kuondoka kabla ya sherehe.

Jana jirani walimletea sili. Huku nyama huwekwa juu ya katoni sakafuni na kila mtu anakaa chini na kisu chake. Yeye hakuweza kushuka. Nilimwona anatazama ukutani. Mwanamume mmoja akainua katoni, nyama na damu yake, akaiweka kitandani kwake juu ya shuka safi. Wote wakasimama kumzunguka wakala hivyo hivyo, wima. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi.

Baba, nimempigia simu Baba Mdogo Hamphrey. Nilimwambia atoke uani kwanza. Nimemwambia yote: kipimo cha Kwaresima, vidonge, kidonda, na kwa nini unamkimbia. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakata.

Sijui atafanya nini. Tangu saa ile natembea kutoka dirisha moja hadi lingine. Uliniomba nitunze siri nami sikuitunza. Nikasirikie. Hasira yako nitaipokea, mradi uwe hai wa kuiandika.

Gaudiosa


Hospitali, Mbinga
2 Oktoba 2024

Gaudiosa,

Kama uliniandikia Septemba, barua yako bado haijafika. Yaliyomo nimeyapata kwa mdomo wa Hamphrey.

Alishuka Mbamba Bay na gari la mchana, na koti lake la kanisani, siku ya pili baada ya simu yako. Nilikuwa kibarazani. Hakunisalimu.

"Kaka, umeukimbia ugali wa mke wangu?"

Nikamwambia akae, nimweleze.

"Maelezo yako nayajua, umenifundisha darasa la tano. Onyesha mguu."

Nikakataa. Lidia akatoka ndani kusikiliza. Hamphrey akapiga magoti mchangani na lile koti, akafungua kitambaa mwenyewe. Alipoona akageuza uso. Akamwambia Lidia, kwa sauti kama ya mtu anayeagiza chumvi, "Mwanangu, tafuta gari." Tukapanda milima. Njiani alishika mguu wangu mapajani mwake ili usigonge kiti.

Madaktari wameondoa vidole viwili na sehemu ya unyayo. Wamesema ningechelewa kidogo wangekata juu ya goti. Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nataka ujisifu.

Lipo jingine. Muuguzi aliyekuwa ananipima alimgeukia Hamphrey: "Na wewe msindikizaji, ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Lete kidole." Hamphrey akacheka, akatoa. Kile kimashine kikaonyesha tarakimu kubwa kuliko yangu. Alinigeukia. "Kaka, hiyo maana yake nini?" Nikamweleza kwa mpangilio, na nilipokuwa nikieleza niliona anazidi kuwa mdogo, kama alivyokuwa nilipomfundisha kusoma.

Jioni aliniambia kwamba kila Jumapili anamaliza ugali wa Beata hata kama ameshiba, asije akaonekana bado ana kinyongo cha mpaka. Fikiria hilo. Wazee wawili, kila mmoja anajishindilia chakula cha mwenzake kwa heshima, na wote wawili wanaumwa.

Kisha akaniomba nisimwambie mtu, na hasa Asteria. Nimemwahidi.

Kuhusu wewe, sijakusamehe. Nilikuomba jambo moja. Ningekuwa na nguvu ningeandika zaidi.

Mansuetus


Nunavut
4 Novemba 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, na glavu mkononi. Namshukuru Mungu kwa goti lako. Kwa mengine siombi radhi, maana ningekuomba radhi ningekudanganya.

Nataka tu ujue kwamba siku ile nilipiga namba ya Baba Mdogo nikakata. Nikapiga tena nikakata. Nilikuwa nawaza jinsi utakavyonitazama nikirudi nyumbani.

Bibi Mialia anauliza hali ya mguu wako kila asubuhi kabla ya kuuliza habari zangu. Amepunguza vijiko vya sukari, sigara zimemshinda. Giza limeanza kuwa refu huku. Theluji imefunga mlango mara mbili.

Kuhusu Baba Mdogo, sina ushauri. Ahadi ni yako. Tafadhali, usiache kuniandikia.

Gaudiosa


Ukata
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Mvua zimeanza vizuri, mahindi yameota kwenye ngolo zote, mashimo yetu ya kulimia, hata zile za mteremko uliodhani ni mkali mno. Beata amepona kikohozi. Mjukuu wa Hamphrey ameota meno mawili na anauma kila mtu. Natembea kwa mkongojo, na kiatu cha kulia nimekijaza pamba.

Jana nilirudi sengu kwa mara ya kwanza. Walinipokea kwa vigelegele kama biarusi, nikaona aibu. Tukanawa. Akina mama wakaleta vyakula, cha Beata, cha wakwe zetu, cha Asteria. Ugali wake ulikuwa mweupe, mkubwa, umelainishwa vizuri. Nikamega kiasi cha yai la kuku, nikala na mboga, nikaweka mkono gotini.

Asteria alisimama mlangoni, akiutazama mkono wangu.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, na mfano wa moto na kuni. Yote yalipotea. Nikasema, "Asteria, ugali wako hauna neno. Mimi nina kisukari. Ninacho tangu Kwaresima ya mwaka jana, na nimekuwa nikikificha."

Beata akapiga makofi. "Kumbe! Mimi nilidhani una mwanamke Mbamba Bay!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Asteria hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Shemeji, mwaka mzima na zaidi unakula sumu kwa kuniogopa? Mimi unanionaje?" Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa amekasirika kweli. "Ungesema, ningekupikia maharage na majani. Kazi yangu ingekuwa hata ndogo." Akaingia jikoni, akatoka na bakuli la maharage, akaliweka mbele yangu kwa kishindo.

Wote walikuwa wananitazama mimi. Hakuna aliyemtazama Hamphrey. Alikuwa ameketi kulia kwangu, ametulia, kama mtu aliyejificha mvua chini ya mwavuli wa mwingine. Kelele zilipozidi alinyoosha mkono, akamega tonge kubwa, akaanza kuliviringisha. Akanitazama mara moja tu, haraka. Alijua kwamba najua, na alijua kwamba nimeahidi.

Gaudiosa, nina ufahamu wa kutosha kuhusu ahadi. Nimeutumia karibu miezi mitatu kukukasirikia. Nilitazama tonge lile linavyozunguka katika kiganja cha mdogo wangu.

Nikamshika mkono, tonge likiwa bado ndani.

"Kaka, niachie," akasema chini chini.

Sikumwachia.

"Asteria," nikasema, "mletee na huyu maharage."

Baba yako Mkubwa,
Mansuetus